Vitasa Vilivyolishwa Rangi

Mmeniomba, nyinyi mliobaki kwenye kibanda chetu nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Kitengela, niwaandikie jinsi kazi hii inavyofanywa kabla sijasahau. Nashukuru kwa imani yenu kwamba kuna kitu bado nakumbuka. Nimestaafu kwa sababu magoti yamekataa kupigwa mbele ya milango ya watu, na macho hayaoni tena kichwa cha skrubu chini ya rangi. Nimestaafu bila sherehe. Mwajiri wangu alikuwa mimi mwenyewe, na huyo namjua vizuri: ni mchoyo.

Kwa wasiotufahamu, kazi yetu ni hii. Watu hupaka nyumba rangi. Wakimaliza ukuta hupaka mlango, na wakifika kwenye mlango brashi haisimami. Inapita juu ya kishikio, kitasa, bawaba, komeo na ndoano ya taulo, na kama kuna mjusi amelala hapo, pole yake. Miaka ikipita, mtu mwingine hutuita tuitoe rangi hiyo. Kati ya hao wawili sisi tumepata riziki. Sijawahi kumwombea mabaya mpakaji wa rangi hata mmoja. Bila wao ningekuwa bado natafuta nafasi ya kufundisha falsafa.

Ndiyo, nilisomea falsafa, kwenye chuo kikuu cha kweli, na picha ya joho na kofia mama yangu aliitundika sebuleni mahali ambapo kila mgeni lazima aulize. Baadaye nilifundisha somo la maadili kwenye chuo kimoja kidogo kilichokuwa juu ya duka la sofa, hadi asubuhi tulipokuta darasa limejaa sofa. Maadili ya jambo hilo nimeyatafakari kwa muda mrefu bila kufika popote. Wiki hiyohiyo kishikio cha mlango wa jikoni katika nyumba niliyopanga kiling'oka kikabaki mkononi mwangu, nikakibeba hadi kwa Mama Atieno kutafuta kingine.

Wengi wenu hamkumkuta Mama Atieno. Aliuza vitu vilivyotoka kwenye nyumba zilizobomolewa, kando ya barabara ya Namanga: milango, madirisha, masinki, vyoo vilivyopangwa mstari kama wajumbe wa kamati. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi juu ya beseni la kuogea lililopinduliwa.

"Unataka gani?" akaniuliza.

"Kama hiki, lakini cha shaba."

"Hicho ni cha shaba."

"Hiki ni cha bluu, Mama."

Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuisahau. "Wewe ulisomea nini?"

"Falsafa."

"Pole. Enda uchemshe na magadi."

"Magadi kiasi gani?"

"Mpaka maji yakasirike."

Hayo ndiyo mafunzo niliyopata. Hakuna aliyeniambia kwamba magadi, yaleyale tunayotia kwenye maharagwe, hula alumini. Nilichukua sufuria ya ugali, nikaweka maji, magadi na kishikio, nikaketi kungoja maji yakasirike. Yalikasirika. Rangi ilibambuka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji moto, na chini yake kikatokea kitu cha manjano chenye mistari midogo iliyochongwa kwa mkono. Nilikiinua nikakishangaa kwenye mwanga wa dirisha. Mke wangu aliinua sufuria. Ilikuwa nyeusi kama lami na imeliwa matobo madogo kitakoni.

"Sasa leo tutakula kitasa?" akauliza.

Niliporudi kumlalamikia Mama Atieno, alisema kwamba hata yeye aliharibu sufuria ya kwanza, na ya pili, na kwamba hakuona kwa nini mimi nipate nafuu. Kisha akachukua kile kishikio, akakipangusa kwa kanga yake, akamuuzia mwanamke aliyekuwa ameshuka kwenye gari palepale. Mwanamke huyo alikuwa anajenga, na alitaka nyumba mpya ionekane kama imerithiwa. Mama Atieno akanigeukia. "Profesa, niko na gunia zima la vishikio." Jina la Profesa lilianza siku hiyo, na halikuwa la heshima.

Kwa hiyo, kwanza: debe la chuma, si sufuria. Pili, kabla ya kutumbukiza chochote, kikune mahali pasipoonekana. Ukiona weupe mwepesi usio na uzito mkononi, ni alumini. Kiweke kando, utakitoa rangi kwa dawa ya dukani na kwa uvumilivu. Tatu, moto uwe mdogo. Nne, rangi ya zamani msiikwangue ikiwa kavu, kwa sababu rangi nyingi za zamani ziko na madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu, na vumbi lake haliulizi nani ni mtoto na nani ni mkubwa. Ilowesheni kwanza. Kilichotoka kwenye debe kisuguliwe kwa kijiti cha mti, si bisibisi, kwa sababu mikwaruzo haistaafu. Kikaushwe kando ya jiko, kipakwe tone la mafuta ya cherehani. Skrubu za mlango mmoja msizichanganye na za mlango mwingine. Zinafanana kama wanasiasa, lakini kila moja imezoea shimo lake.

Wateja ni jambo jingine, na hakuna dawa yao dukani. Kuna mama mmoja wa Embulbul aliyetuita tutoe rangi kwenye vishikio vyote vya nyumba ili shaba ionekane. Tukatoa. Akaiangalia shaba, akasema inafaa iwe na rangi ya dhahabu zaidi, akamwita mtu aipake rangi ya dhahabu. Kuna bwana wa Tuala aliyeniletea vitasa vipya kabisa akitaka nivifanye vionekane vya zamani. Nilimshauri avifunge kwenye nyumba za kupangisha kwa muhula mmoja wa shule. Kuna mwenye ploti mmoja hapahapa Kitengela, ambaye kila mpangaji akihama hupaka nyumba nzima, kitasa kwa sinki, na rangi ileile ya krimu, ili mpangaji mpya ahisi amepata nyumba mpya. Milango yake sasa ni minene kuliko kuta. Nimetoa rangi kwake mara nyingi, na kila nikimaliza husimama nyuma yangu na kusema, "Sasa iko safi, tunaweza kupaka."

Lakini kesi ngumu hazikuwa za rangi. Ngumu kuliko zote niliipata Kajiado, kwa mama mmoja tuliyemwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, kama watu wote wa mtaa walivyomwita.

Mwanawe, Maina, ndiye aliyenipigia simu. Maina ana cheo katika ofisi ya bima Nairobi na anaishi hapa Kitengela kwenye mtaa wenye geti, mlinzi na sheria kuhusu rangi ya mapazia. Alisema nyumba ya wazazi wake iliyo nje kidogo ya mji wa Kajiado, upande wa kwenda Bisil, inageuzwa kuwa nyumba ya kulaza wageni. Wageni wanapenda vitu vya zamani. Nitoe rangi kwenye vitasa vyote.

"Na mwenye nyumba?" nikauliza.

"Mama anahamia kwangu Jumamosi. Kuna chumba huko nyuma."

Najua vyumba vya huko nyuma. Vilijengwa kwa ajili ya mfanyakazi, vina mlango wao na bomba lao, na mtu akikaa humo anasikia familia ikicheka ndani ya nyumba kubwa.

"Amezeeka, fundi," Maina akaendelea. "Hawezi kufungua mlango. Juzi alifungiwa chumbani kwake asubuhi yote, akapiga kelele mpaka jirani akakuja. Mikono imeisha. Na sasa akili pia naona inaenda, kwa sababu anasisitiza ati shida ni mlango."

Nilimpa pole. Niliamini kila neno, maana lilisemwa na mtu wa bima, na watu wa bima hukadiria kuzeeka kwa watu kila siku.

Jumamosi nilifika mapema na debe langu. Ilikuwa nyumba ya mawe, nzuri, iliyojengwa na marehemu mume wake enzi ambazo watu walinunua kitasa mara moja maishani. Vishikio vilikuwa vya mviringo, na vilikuwa vimenenepa kama maandazi. Cucu alikuwa kwenye kiti barazani anachambua mchele, na kando yake ameketi jirani yake, Mama Naserian, mwanamke wa Kimaasai mwenye shanga shingoni na simu kifuani, yule aliyemwokoa.

Nilimsalimu jirani kwa Kimaa changu kibovu. "Takwenya."

"Iko," akaitikia, kisha akamwambia Cucu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Huyu ndiye amekuja kukutoa?"

"Hapana, mama. Nimekuja kutoa rangi," nikasema.

"Ni kitu kimoja," akasema Cucu. Hakuinua macho kwenye ungo. "Anza na mlango wa chumba changu. Ndio hunifungia."

Mlango huo ulikuwa umezuiwa na jiwe ili usijifunge. Nilipiga magoti, nikatoa kisu, nikakata kidogo pembeni mwa kishikio kuona rangi ina unene gani. Cucu alikuwa amenifuata na ungo wake.

"Hiyo ya juu, ya krimu, ni ya Krismasi," akasema. Nikakata zaidi. "Hiyo ya pichi ni ya ruracio ya Wangari." Wangari ni binti yake, na ruracio ni siku watu wa upande wa mume walipokuja kuzungumza mahari. "Nyeupe ni ya mazishi ya mzee. Chini ya hiyo kuna kijani, ya ubatizo wa mtoto wa Maina. Askofu alikuja."

"Kila sherehe mnapaka?"

"Mimi sipaki. Maina akiwa na wageni ananitumia mtu wa rangi. Anakuja na wageni, anaenda na wageni. Rangi ndiyo inabaki na mimi."

Mnaijua desturi hiyo, wenzangu, na msijifanye ni ya Wakikuyu peke yao. Sisi wa kutoka magharibi ndio hupaka hata mawe ya kando ya njia kabla maiti haijafika. Mtu hajakanyaga kwa mzazi wake tangu mvua ya mwaka juzi, lakini hema ikikodishwa lazima na mkebe wa rangi uende. Ni upendo unaotumwa kwa gari la mizigo.

Nilisogeza jiwe, nikafunga mlango nikiwa nje, nikakamata kishikio nikazungusha. Hakikuzunguka. Nikafuta jasho mkononi, nikashika kwa mikono miwili, nikaegemea. Mlango ulinitazama tu. Wakati huo nilikuwa bado na mikono ya kubeba gunia.

Nikakumbuka nimekiona kisa hiki mara nyingi: rangi ikipita kwenye mwanya ulio nyuma ya kishikio huganda humo, na nyingine huteremka hadi ndani ya kitasa na kuushika ulimi, kile chuma kinachoingia kwenye fremu. Mama Naserian siku ile alilazimika kupenyeza panga kwenye ufa na kuusukuma ulimi huo ndipo Cucu akatoka. Si kazi yangu kumwambia mteja anayenilipa kwamba mama yake ana akili timamu.

Haikuwa lazima niseme. Maina alifika na pikapu, na nyuma yake Wangari na gari lake dogo. Juu ya pikapu kulikuwa na bango jipya limefungwa kwa kamba, limeandikwa NYUMBA YA WAGENI kwa herufi za mapambo. Bango lishuke, godoro la mama lipande. Ndivyo safari ilivyopangwa. Kwa kuwa mlango niliokuwa nimeufunga ulikataa kufunguka, vijana wa pikapu waliingia chumbani kupitia dirisha lililokuwa wazi, wakatoa godoro, wakaliegemeza kwenye gari.

"Maina," Cucu akaita kutoka ndani ya nyumba, akiwa kando yangu mbele ya mlango. "Kuja ufungue huu mlango."

"Mama, si sasa. Tunapakia."

"Kuja ufungue."

Alikuja, na funguo za gari mkononi, na uso wa mtu anayemfurahisha mgonjwa. Akashika kishikio kwa vidole vitatu. Akashika kwa mkono wote. Akampa Wangari funguo, akapanua miguu, akashika kwa mikono miwili. Mshipa ukasimama shingoni. Sauti pekee iliyotoka ilitoka kwake.

Mama Naserian alikuwa amesimama mlangoni pa sebule akitazama bila kuharakishwa na chochote. "Na huyu," akauliza, "mtampeleka chumba cha nyuma cha nani?"

Wangari alicheka kabla hajajizuia. Maina hakucheka.

"Ni rangi tu hii," akasema. "Rangi imeshika."

"Si ndivyo nilisema," Cucu akajibu.

"Ulituambia lini, Mama?" Wangari akauliza, na kicheko kilikuwa kimeisha.

"Nilisema kwa simu. Kabla ya Krismasi. Nikasema mlango wa chumba umeanza kukataa. Mkasema nitulie, mtatuma mtu."

Wangari akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Na tukatuma mtu wa rangi."

Nilifanya kazi yangu. Nilikata mstari kuzunguka bamba la kishikio, nikachimbua vichwa vya skrubu kwa ncha ya kisu, nikang'oa kila kitu. Cucu alinipa jiko lake na magadi yake ya kuchemshia githeri, mahindi na maharagwe. Debe lilipochemka, ile rangi ilitoka nzima kama soksi: Krismasi, ruracio, mazishi, ubatizo, zote kwa pamoja, zikaelea juu ya maji. Kitasa nilikifungua, nikakuta springi imezama kwenye rangi iliyoganda kama ndizi kwenye uji. Nikaisafisha, nikatia mafuta, nikarudisha.

Muda wote huo Maina alikuwa barazani akitetea upande wake. Msimcheke sana; mimi pia nina mama, na mimi pia nimetuma vitu. "Sawa, mlango tumekosea," alikuwa akisema. "Lakini Mama, hata hivyo ni vizuri ukuwe karibu na sisi. Tukuone."

"Mtanionaje nikiwa huko nyuma?"

"Ni karibu. Ni hatua chache."

"Hapa ni mwendo wa saa moja kwa gari. Hauwezi. Hizo hatua chache utaziweza?"

Maina akaanza kueleza habari za bango, kwamba limeshatengenezwa na haliwezi kurudishwa. Mama Naserian alisema bango ni zuri sana, Maina aliweke kwenye geti lake Kitengela, Cucu aende kama mgeni wa kwanza.

Nilipomaliza nilimwita Cucu. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Hilo lilikuwa kweli, Maina hakulizua. Aliweka kiganja juu ya shaba, si vidole, akakigeuza kidogo. Ulimi ukarudi ndani kwa sauti ndogo. Akafungua. Akafunga. Akafungua tena, akafunga tena, bila kutabasamu, kama anayeonja chumvi.

"Rudisheni godoro," akasema.

Vijana wa pikapu walimtazama Maina. Maina alimtazama Wangari. Wangari alienda akalishika godoro upande mmoja, na ikabidi mtu ashike upande wa pili. Lilipolazwa kitandani, Cucu aliwatoa wote chumbani kwa kuwapungia mkono kama kuku, akafunga mlango, na tukasikia ufunguo ukizunguka. Mama Naserian aliniambia ufunguo huo ulikuwa umening'inia kwenye msumari tangu ule ubatizo, rangi ilipoziba tundu lake.

Maina alisimama mbele ya mlango. "Mama, fungua tuongee."

"Niko na mikono," sauti ikatoka ndani. "Nitafungua nikitaka."

"Mama, watu wa gari wanangoja."

"Waende. Si walikuja kuleta bango? Wamelileta, walirudishe."

Dereva alipiga honi. Maina alitembea hadi dirishani, akarudi, akakuna kichwa, akajaribu kishikio kimyakimya. Kilizunguka vizuri kabisa, ila mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Hatimaye akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Sawa, Mama. Umeshinda. Lakini huu mlango umebaki na alama za kisu. Krismasi nitatuma mtu apake."

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka kiasi cha uso mmoja.

"Mlango huu ukipakwa," Cucu akasema, "utaupaka wewe, Maina. Na mimi nitakuwa kwenye hicho kiti nakuangalia. Na kabla hujapaka utatoa hivyo vyuma vyote, na ukimaliza utavirudisha, halafu tutakunywa chai."

Kisha akafunga, na ufunguo ukazunguka tena.

Pikapu iliondoka na bango lake. Wangari alienda jikoni kuweka maji ya chai bila kuambiwa. Nilikuwa nakusanya vifaa vyangu sakafuni pale Maina alipochuchumaa kando yangu na suruali yake ya Jumamosi, akatazama mlango wa sebule uliobaki na maandazi yake ya krimu, akauliza chini chini, ili mama asisikie, "Fundi, mtu anaanzia wapi?"

Nikampa bisibisi. Aliipokea akaishika upande wa chuma.